Unataka kuingia kwenye utafiti wa afya na uko Dodoma? Mwongozo kamili kwa anayeanza na sifuri

Hili swali naulizwa sana na vijana wa UDOM, wa St John's, hata matabibu na manesi walioko Bahi na Mpwapwa huko, kaka nataka kuingia kwenye utafiti naanzia wapi, na wengi wanakuja wameshajiaminisha kwamba bila PhD au bila mjomba mkubwa huko juu haiwezekani. Inawezekana kabisa. Ila nikuambie mapema kitu ambacho matangazo ya kazi hayakiandiki: kwenye hii kazi mtu anaitwa tena na tena kwa sababu data zake zinaaminika. GPA inasaidia kufungua mlango wa kwanza, baada ya hapo watu wanaulizana kimya kimya, huyu mtu anapika data au hapiki? Kila hatua hapa chini inarudi hapo.

Jua mlango wako kwanza

Utafiti wa afya sio daktari peke yake. Mradi wa kawaida una mtafiti mkuu, wenyewe wanamwita PI, ambaye ndiye anasaini vibali na ndiye anakosa usingizi hela ikichelewa, kuna mratibu, nesi wa mradi anayechukua ridhaa na kufuatilia washiriki, mtu wa maabara, mtu wa data, wadodosaji wa fildi, mfamasia kama kuna dawa inajaribiwa, na dereva, na dereva anayezijua barabara za Chemba kipindi cha mvua usimchukulie poa. Kwa hiyo nesi ana mlango wake, mtu wa maabara ana wake, na mtu wa takwimu au sosholojia anaingilia kwenye data na udodosaji bila hata kusomea udaktari. Daktari fresh naye asitegemee kuanza kama PI, utaanza kwa kubeba makaratasi kama wengine.

Kama una leseni ya taaluma, iwe ya Baraza la Madaktari au Baraza la Uuguzi na Ukunga, usiiache ife eti kwa sababu sasa wewe ni mtu wa utafiti. Ihuishe. Miradi inaisha, leseni inakulisha.

Pata swali, na usilitafute mbali

Wengi wanaanza na mada kubwa kama saratani Afrika au akili bandia kwenye tiba, halafu wanakwama ukurasa wa pili. Wewe uko Dodoma, angalia chini ya miguu yako. Kongwa hapo jirani imetajwa kwenye majarida makubwa ya dunia kwa sababu ya trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kumpofusha mtu. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha jaribio lililofanyika kwenye vijiji vya Kongwa, Sheila West na wenzake wa chuo kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani wakishirikiana na Watanzania, swali lenyewe lilikuwa je kuhimiza watoto waoshwe uso, juu ya dawa ya macho waliyopewa vijiji vyote, kunapunguza trakoma, na ikaonekana kwenye vijiji vilivyohimizwa trakoma kali ilikuwa ndogo zaidi. Kuosha uso tu! Swali rahisi, limepangwa vizuri, likapimwa vizuri.

Chukua homa ya papasi. Hawa papasi wanakaa kwenye nyufa na sakafu za udongo za nyumba za tembe, usiku wanauma, mtu anapata homa inayoondoka na kurudi, na kwa mama mjamzito inaweza kuharibu mimba. Zamani fundi wa maabara akiangalia slaidi ya damu kutafuta malaria alikuwa anaweza kukutana na hao bakteria wa papasi kwenye slaidi hiyohiyo. Sasa hivi zahanati nyingi zinatumia kipimo cha haraka cha malaria, na kile kinakuambia malaria ipo au haipo, basi. Je wenye homa ambao kipimo kimesema hawana malaria, wangapi wana homa ya papasi? Hilo ni swali la utafiti kamili na unaweza kulianza na darubini moja kwenye kituo kimoja cha afya.

Halafu sumukuvu, ile sumu inayotokana na kuvu kwenye nafaka. 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara, Chemba na Kondoa zikiwemo, waliugua ghafla, manjano, tumbo kujaa, wagonjwa 68 walirekodiwa na 20 wakafariki, na uchunguzi ukaonyesha ni mahindi yenye sumukuvu. Waliofuatilia walilinganisha familia zilizougua na majirani zao ambao hawakuugua, wakauliza mahindi mmeyahifadhi vipi, wakapima mahindi na damu. Ukielewa kwa nini walihitaji hao majirani wasioumwa basi umeshaelewa nusu ya epidemiolojia, yaani elimu ya magonjwa yanavyotokea na kusambaa kwa watu. Na bado kuna afya ya akili, hospitali ya Mirembe ipo mjini hapa, kuna selimundu na upandikizaji figo hospitali ya Benjamin Mkapa, kuna udumavu wa watoto kila wilaya.

Swali zuri linaandikika kwenye sentensi moja, linasema nani, wapi, lini, unapima nini. Likihitaji aya nzima bado halijaiva.

Ujuzi wa kujifunza kabla hujaomba kazi popote

Anza na cheti cha GCP, yaani kanuni za kuendesha utafiti wa kitabibu kwa usahihi. The Global Health Network wana kozi yake mtandaoni bure na unapata cheti, unahitaji bando na jioni kadhaa tu. Miradi mingi inayogusa wagonjwa haikugusi bila hiki, kwa hiyo ukiwa nacho tayari kwenye CV unamrahisishia mwajiri. Usikibofye tu mpaka mwisho, kisome, intavyuu watauliza.

Pili, ukusanyaji wa data kwa simu na tableti. KoboToolbox na ODK unaweza kujifunza nyumbani bila mwalimu, tengeneza dodoso la maswali kumi, weka masharti kwamba mwanaume asiulizwe ujauzito, weka mipaka kwamba umri hauwezi kuwa 214, jaribu kwa ndugu zako. REDCap, mfumo mwingine wa kukusanya na kutunza data, utakutana nayo ukishaingia kwenye taasisi. Kwenye uchambuzi, vyuo vyetu bado vinapenda SPSS, miradi mikubwa inatumia Stata, mimi nakushauri R kwa sababu ni bure na huna haja ya kutafuta nakala za wizi zenye virusi. Zotero kwa ajili ya marejeo, nayo bure.

Tatu, kusoma makala. Ukiwa chuoni unaweza kupata majarida ya kulipia kupitia Hinari, mpango wa WHO, muulize mkutubi akupe njia ya kuingia, wanafunzi wengi wanamaliza miaka mitano hawajui ipo. Ukisoma makala usianze na hitimisho. Nenda kwenye mbinu, uliza watu wamepatikanaje, waliokataa ni wangapi, waliopotea katikati je.

Na hapa niongee kuhusu 384 maana inaniudhi. Kila proposo, yaani andiko la utafiti, ya mwanafunzi ina sampo ya 384, yaani watu 384 wa kuchunguzwa. Inatoka kwenye fomula hii: 1.96 mara 1.96, mara p (sehemu ya watu unaotarajia wana tatizo), mara moja kutoa p, gawa kwa kiwango cha makosa mara chenyewe. Ukiweka p ni 0.5 na makosa 0.05 inakuja 384.16, ambayo kwa haki unapandisha inakuwa 385, lakini tuendelee. Ukiwa na sababu ya kuamini tatizo lipo kwa asilimia 20 ya watu, p ni 0.2 na jibu ni 246. Sasa weka ugonjwa ulio kwa asilimia 2 tu ukang'ang'ania makosa ya asilimia 5, fomula itakupa watu 31, na majibu yako yatakuwa ni asilimia 2 ongeza au punguza 5, yaani inaweza kuwa chini ya sifuri. Upuuzi mtupu. Ugonjwa adimu unataka makosa madogo na sampo kubwa. Na kama unachagua vijiji kwanza halafu kaya ndani ya vijiji, sampo lazima iongezeke tena kwa sababu watu wa kijiji kimoja wanafanana. Ukiweza kueleza hiki kwa maneno yako kwenye intavyuu utaona panel wanainua vichwa.

Mchongo wa kwanza

Kazi ya kwanza mara nyingi ni ya wiki chache, mdodosaji au karani wa data. Zipo sehemu nne za kutazama: Ajira Portal kwa nafasi za serikali zikiwemo za NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, tovuti za taasisi zenyewe kama ile ya utafiti wa afya ya Ifakara, walimu wako wa chuo ambao wana miradi, na NBS, ofisi ya taifa ya takwimu, ambao makao makuu yao yapo hapahapa Dodoma na huwa wanahitaji wadodosaji kwenye tafiti kubwa. Njia ya mwalimu ndiyo inayolipa zaidi na ndiyo watu wanaiogopa. Mwalimu mwenye data alizokusanya na hazijasafishwa ni wengi kuliko unavyodhani.

Kama hakuna kabisa, jitolee kwenye kituo cha afya kusaidia kuingiza rejesta za MTUHA, vile vitabu vya kumbukumbu za wagonjwa, kwenye kompyuta, kwa ruhusa ya mganga mfawidhi na kwa maandishi, sio unapiga picha majina ya wagonjwa unaondoka nayo kwenye simu yako, hiyo ni kosa, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Ukifungua kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje utakutana na haya. Safu ya umri imeandikwa 8, haijasema miezi au miaka. Kijiji kimoja kimeandikwa Mvumi Misheni, chini yake Mvumi Mission, chini tena M/Mission, na kompyuta itahesabu vijiji vitatu. Tarehe 3/4 halafu mstari unaofuata 4/3. Sehemu ya kipimo imeachwa wazi, hujui hakupimwa au alipimwa akakutwa hana. Mtu mvivu anajaza anavyohisi, huyo 8 anaonekana mtoto wa miezi basi anaandika miezi. Usifanye hivyo. Ingiza kama ilivyo, weka alama kwenye safu ya pembeni, andika swali, kamuulize aliyeandika. Pengo liache pengo, usiweke sifuri. Faili la kwanza kabisa liache bila kuguswa, fanya kazi kwenye nakala, na uwe na karatasi inayosema kila safu maana yake nini na umebadilisha nini lini. Mpe mwalimu faili safi pamoja na hiyo karatasi, halafu kaa usikilizie simu.

Kupika data nitasema mara moja. Mdodosaji anakaa chini ya mwembe anajaza madodoso sita ya kaya ambazo hajafika ili awahi kumaliza. Inajulikana. Fomu inarekodi saa ya kuanza na kumaliza, inarekodi GPS, na majibu ya mtu mmoja yanafanana mno. Ukikamatwa mji huu ni mdogo.

Vibali, na hapa pana foleni

Hakuna utafiti wa afya unaogusa watu bila kibali cha maadili. Mwanafunzi anapita kwenye kamati ya chuo chake, utafiti wa kitaifa au wenye wageni unapita NatHREC, kamati ya kitaifa ya maadili ya utafiti wa afya iliyo chini ya NIMR, na NIMR yenyewe imeundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Unapeleka proposo, dodoso, na fomu ya ridhaa kwa Kiswahili na Kiingereza, CV za watafiti, bajeti. Kinachorudisha proposo nyingi ni fomu ya ridhaa iliyotafsiriwa kwa kompyuta, mtu anasoma haelewi chochote. Kibali kinadumu mwaka mmoja, ukipitiliza unaomba kuongezewa. Soma barua yenyewe hadi mwisho maana ina masharti, mojawapo ni kuomba ruhusa NIMR kabla ya kuchapisha matokeo.

Mtafiti mgeni anahitaji pia kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Kama unajaribu dawa au chanjo kwa binadamu unaongeza kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Sampo za damu zikienda nje ya nchi kuna mkataba wa kuhamisha sampo, usibebe kwenye begi.

Halafu ngazi za serikali: barua ya chuo inaenda kwa RAS (katibu tawala wa mkoa), RAS anaandika kwa mkurugenzi wa halmashauri, anakuja DMO (mganga mkuu wa wilaya), mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Raha ya kukaa Dodoma ni kwamba wizara na TAMISEMI unafuatilia kwa daladala, mwenzako wa Kigoma analala gesti. Beba nakala za kutosha zenye mhuri, kila ofisi inabaki na yake.

Kijijini

Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wa vitabu wanapoharibu.

Oktoba 2016, kijiji cha Iringa Mvumi wilaya ya Chamwino, watafiti wawili wa kilimo kutoka kituo cha Selian Arusha pamoja na dereva wao waliuawa na wanakijiji waliodhani ni wanyonya damu. Walikuwa wanachukua sampo za udongo. Udongo! Sasa wewe unakuja na sindano na vichupa. Kwa hiyo ukifika, barua kwa mtendaji haitoshi, omba mwenyekiti wa kitongoji na mhudumu wa afya wa jamii watangulie nawe, omba mkutano wa kijiji au hata tangazo msikitini na kanisani siku kabla, gari liwe na utambulisho, na usianze nyumba ya kwanza jua likiwa linazama.

Ukifika kwenye kaya, salamu kwanza. Kwa Wagogo ukianza na mbukwenyi uso wa mtu unafunguka, kisha shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu karibu, unapewa kigoda, unakaa. Tableti ibaki kwenye begi kwanza. Utaulizwa, hiyo damu mnaipeleka wapi? Usijibu "ni ya utafiti tu bibi". Jibu hivi: tunachukua mililita 5, ni kijiko kimoja cha chai, inaenda maabara ya hospitali fulani, tunapima kitu fulani, majibu yako utaletewa na muhudumu wenu fulani wiki fulani, na ukikataa hakuna atakayekunyima dawa zahanati. Akisema ngoja nimuulize mzee, subiri mzee. Akikataa, shukuru, andika amekataa, nenda. Waliokataa nao ni data.

Asiyejua kusoma anasomewa mbele ya shahidi ambaye si mtu wa mradi, anaweka dole gumba, shahidi anasaini. Chini ya miaka 18 mzazi anaridhia na mtoto mwenyewe mwenye kuelewa anaulizwa pia. Chemba kwa Wasandawe au vijiji ambavyo wazee Kiswahili hakipandi, tafuta mkalimani kabla, usimtumie mjukuu kumuuliza bibi yake habari za ugonjwa wa zinaa, nimeshaona na ilikuwa aibu kwa wote watatu.

Na matokeo yarudishe. Vijiji vingi vimechoka kudodoswa, wanakuambia wazi wenzenu walikuja wakaandika wakaondoka.

Kuandika

Ongea suala la majina kwenye makala mapema, kabla ya kazi, kwa maandishi hata WhatsApp inatosha. Kuingiza data peke yake kwa kawaida hakukupi jina kwenye makala, kushiriki kuchambua na kuandika kunakupa. Kwa hiyo omba kuandika sehemu ya mbinu, wengi hawaitaki kwa sababu haina mbwembwe, wewe ichukue. Tanzania Journal of Health Research ya NIMR ni pa kuanzia pazuri. Ukipata imeili ya jarida linakusifia "mtaalamu mheshimiwa" na kuahidi kuchapisha ndani ya siku tatu ukilipa dola kadhaa, futa.

Masomo na hela

Masters usikimbilie. Fanya kazi mwaka mmoja au miwili kwanza ujue unataka epidemiolojia, maabara au takwimu, halafu chagua chuo, MUHAS (chuo cha afya Muhimbili), chuo kikuu cha KCMC Moshi, UDOM yenyewe. Anayependa milipuko aangalie TFELTP, mafunzo ya epidemiolojia ya fildi yaliyoanza 2008. Ufadhili upo DAAD ya Ujerumani, TDR ya WHO, na miradi ya EDCTP, mpango wa Ulaya na Afrika wa majaribio ya tiba, huwa inabeba wanafunzi ndani yake, kwa hiyo aliye ndani ya mradi anasikia kabla yako.

Mikataba ni mifupi na inategemea wafadhili. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, watu waliokuwa na mkataba mzuri Ijumaa walirudi nyumbani Jumatatu. Weka akiba kipindi posho zipo, hakikisha NSSF inaingia kweli, na usikopee gari kwa mkataba wa miezi sita.

Meseji ya kumwandikia mwalimu au PI

Wengi wanaandika "naomba kazi yoyote". Haijibiwi. Andika fupi namna hii, badilisha ya kwako:

"Shikamoo Dokta. Naitwa fulani, nesi, nimemaliza UDOM mwaka jana. Nimesoma makala yenu ya homa kwa watoto, nimeona kwenye jedwali la pili wagonjwa wengi hawana umri, je rejesta ndiyo haikuwa nao? Nina cheti cha GCP na natumia Kobo na R. Naweza kuja siku mbili kwa wiki kusaidia kusafisha data. Nimeambatanisha CV ya ukurasa mmoja na mfano wa faili nililosafisha, halina majina ya watu. Asante."

Asipojibu wiki mbili kumbusha mara moja kwa heshima, asipojibu tena nenda kwa mwingine. Na kama makala yenyewe hujaisoma usiseme umeisoma, swali la kwanza atakalokuuliza ni hilohilo jedwali.